Nasaba Iliyolala Katika Hati za Mashamba

Mnamo Machi 1848 mbunge mmoja wa Illinois, mgeni katika Bunge la Marekani, alikuwa akiwaandikia barua watu ambao hajapata kuwaona. Jina lake Abraham Lincoln, umri wake miaka 39, na alichokuwa akitafuta si kura. Alitaka kujua babu yake alitoka kwa watu gani. Alimwandikia Solomon Lincoln wa Hingham, Massachusetts, mtu aliyeandika historia ya mji wake na aliyetaka kujua kama mbunge huyu ni wa ukoo mmoja naye. Kupitia James McDowell, mbunge wa Virginia, alipata pia habari za David Lincoln wa Kaunti ya Rockingham, akamwandikia na yeye.

Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Alijua kwamba babu yake mzaa baba aliitwa Abraham kama yeye, kwamba alihama Rockingham akaenda Kentucky, na kwamba huko aliuawa na Wenyeji wa Marekani akiwa katika kazi ya kufyeka msitu apate shamba. Alisikia pia kwamba wazee wa nyuma zaidi walitoka Kaunti ya Berks, Pennsylvania, nao walikuwa watu wa dhehebu la Marafiki, yaani Quaker. Zaidi ya hapo hakuna. Thomas, baba yake, alikuwa bado hai, lakini alifiwa na mzazi wake angali mdogo, na yatima wa nchi za mpakani hakuachiwa masimulizi mengi. Miaka sita baadaye, akimwandikia ndugu wa tawi la Tennessee, Lincoln alikiri kwamba katika yote aliyosimuliwa juu ya ukoo wake, kifo cha babu ndicho kilichomkaa akilini kuliko kitu kingine chochote.

Kisa chenyewe ni hiki. Abraham Lincoln yule wa kwanza, aliyeitwa Kapteni kwa kuwa aliwahi kuongoza wanamgambo wa Virginia, alikuwa shambani kando ya kijito cha Long Run, mashariki ya Louisville ya leo. Ilikuwa Mei, majira ya kupanda mahindi. Alikuwa na wanawe watatu: Mordecai wa miaka kama 15, Josiah aliyemfuata, na Thomas wa miaka minane. Risasi ikatoka msituni, Kapteni akaanguka. Mordecai alikimbilia nyumba ya magogo kuchukua bunduki. Josiah alitoka mbio kwenda ngome ya Hughes kuita msaada. Thomas akabaki pale pale, kando ya maiti ya baba yake. Mmoja wa washambuliaji alipomsogelea mtoto, Mordecai alichungulia katika mwanya wa magogo, akalenga pambo la fedha lililong'aa kifuani mwa mtu yule, akafyatua. Mtoto akapona, naye ndiye aliyekuja kuwa baba wa rais.

Kiini cha kisa hiki nakiamini. Ndugu wote watatu waliishi hadi utu uzima, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kumsikiliza. Pambo la fedha ni jambo jingine. Hilo lina harufu ya masimulizi ya usiku kando ya moto, ambapo kila msimulizi huongeza kidogo. Lakini kisa kizima, hata pale kilipo cha kweli, kina kasoro moja kubwa kwa mtu anayetafuta ukoo: kinaeleza jinsi babu alivyokufa, hakielezi alizaliwa wapi wala na nani. Kwa hayo ilibidi kwenda kwenye karatasi, na karatasi za nchi ile karibu zote zilihusu kitu kimoja, nacho ni ardhi.

Ardhi ile haikuwa tupu. Kusini ya mto Ohio ndiko Washawnee walikowinda vizazi kwa vizazi. Mwaka 1768, huko Fort Stanwix, watu wa shirikisho la Iroquois walitia saini kuitoa kwa Waingereza, ilhali Washawnee hawakuridhia. Mwaka 1775, huko Sycamore Shoals, mfanyabiashara Richard Henderson alidai ameinunua sehemu kubwa ya Kentucky kutoka kwa wazee wa Wacherokee, na Dragging Canoe, kiongozi kijana wa Wacherokee hao hao, aliupinga mkataba waziwazi. Januari 1786 chifu Moluntha wa Washawnee alikubali kutia saini mkataba wa amani huko Fort Finney. Kufika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo huo, wanamgambo wa Kentucky chini ya Benjamin Logan walivuka Ohio wakachoma vijiji vya Washawnee, na Moluntha, mzee aliyekwisha kujisalimisha, akauawa kwa shoka na Hugh McGary. Kifo cha Kapteni Lincoln kiko katikati ya miezi hiyo. Mtu aliyepigwa risasi na Mordecai naye alikuwa na mama na ukoo, na hakuna karani aliyeandika jina lake.

Nimetaja mwaka 1786, na hapo ndipo karatasi zilipoanza kusahihisha kumbukumbu. Lincoln mwenyewe aliamini kwamba babu yake alikufa karibu mwaka 1784, na waandishi wa mwanzo walimfuata. Lakini ipo hati ya upimaji wa shamba la Long Run, ekari 400, iliyofanywa Mei 7, 1785. Jina limeandikwa Abraham Linkhorn, kama sikio la mpimaji lilivyolipokea. Chini yake wametajwa waliovuta minyororo ya kupimia, Josiah Lincoln akiwa mmoja wao, na aliyetia alama kwenye miti ni Abraham Linkhorn mwenyewe. Mtu aliyekwisha kufa hawezi kuchanja alama za mpaka wake. Mwaka wa 1784 ukafutika, na umri wa Thomas siku ile ukapanda kutoka miaka sita hadi minane.

Mwaka huo wa 1786 ulikuwa na uzito mkubwa kwa Thomas. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya Virginia mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza. Bunge la Virginia lilikuwa limekwisha kupitisha sheria mpya, iliyotokana na rasimu ya Thomas Jefferson, ya kugawa ardhi sawa kwa watoto wote, lakini ilikuwa ianze kutumika Januari 1, 1787. Kapteni alikufa Mei. Miezi saba na kitu ilitosha kumfanya Mordecai mwenye mashamba, na kumwacha Thomas bila ekari hata moja. Hesabu ya madai ya Kapteni, yaliyosajiliwa na yaliyokuwa njiani kusajiliwa, ilifika ekari 5,544. Lincoln alipoeleza baadaye kwamba baba yake alikua akitangatanga kutafuta vibarua, bila shule, alikuwa akieleza matokeo ya sheria ile, hata kama hakuitaja.

Mjane, Bathsheba, aliondoka Long Run na watoto watano akaenda kuishi ndani zaidi, mahali palipo salama kidogo, katika eneo ambalo mwaka 1792 lilifanywa Kaunti ya Washington. Mwaka 1788 mahakama ya Kaunti ya Nelson ilimteua msimamizi wa mirathi, na orodha ya mali ikaandikwa: farasi, ng'ombe na ndama wao, zana za shamba, bunduki. Mtu mwenye maelfu ya ekari kwenye karatasi aliacha nyumbani vitu ambavyo vingepakiwa katika magari mawili ya farasi. Ndivyo walivyokuwa walowezi wengi wa mpakani: matajiri wa ramani.

Bathsheba naye alitiliwa shaka kwa muda mrefu. Wapo walioandika kwamba mama wa Thomas alikuwa mwanamke mwingine. Jibu lilikuwa katika hati ya mauzo ya Februari 1780, Kapteni alipouza shamba lake la Virginia, ekari 250, kwa pauni 5,000. Kiasi hicho kinashtua, mpaka ukumbuke kwamba ilikuwa pesa ya karatasi ya wakati wa vita vya uhuru, iliyokuwa ikiporomoka thamani kila mwezi. Mwezi uliofuata alilipa pauni 160 kwa kila kibali cha ekari 400 huko Kentucky. Katika hati ile ya mauzo mke ametajwa kwa jina, Bersheba. Sheria ilidai mke aulizwe faraghani, mumewe asiwepo, kama ameridhia kuuza, na kwa kuwa hakuweza kusafiri hadi mahakamani, mahakimu walitumwa kumfuata alipo. Katika maisha yake yote, hiyo ni moja ya nyakati chache ambapo dola ilimuuliza neno na kuliandika.

Shamba lile la Virginia lilikuwa Linville Creek, katika bonde la Shenandoah. Kapteni alilipata mwaka 1773 kutoka kwa baba yake, John, aliyehamia huko mwaka 1768 kutoka Pennsylvania na ambaye jamaa walimwita John wa Virginia. David Lincoln, yule aliyeandikiwa barua mwaka 1848, alikuwa mjukuu wa John huyu kwa mwanawe Jacob. Majibu yake yalimridhisha mbunge: Abraham aliyekwenda Kentucky, amu yake David, ndiye huyo huyo babu yake. Hatua moja ya nyuma ikathibitika, na Berks ikathibitika pamoja nayo.

Huko Berks ukoo huu ulikuwa jirani na ukoo mwingine ambao jina lake lilikuja kuvuma mpakani, ukoo wa Boone. Daniel Boone alizaliwa huko mwaka 1734. Abraham, ndugu yake John wa baba mmoja, aliyezaliwa mwaka 1736 baada ya kifo cha baba yao, alimwoa Anne Boone, binamu wa Daniel, mwaka 1760. Anne alikuwa Quaker, Abraham hakuwa, na mkutano wa Marafiki wa Exeter ulimtaka Anne akiri kosa la kuolewa nje ya dhehebu. Sioni shaka kwamba hapo ndipo ulipoota uvumi wa babu wa Kiquaker. Dini ya mke mmoja wa tawi la pembeni iligeuka, baada ya vizazi viwili vya masimulizi, kuwa dini ya ukoo mzima.

Kutoka Berks kwenda nyuma ndiko Lincoln alikokwama. Solomon Lincoln alikuwa na orodha kamili ya akina Lincoln wa Hingham tangu karne ya 17, na majina yalishangaza kwa kufanana: Mordecai, Abraham, Solomon, Enoch, Levi. Mwishoni mwa 1859, alipomwandikia rafiki yake Jesse Fell habari fupi za maisha yake kwa ajili ya uchaguzi uliokuwa unakaribia, Lincoln alisema kwamba jitihada za kuuunganisha ukoo wake na ule wa New England hazikufika mbali zaidi ya mfanano huo wa majina. Alikuwa mwanasheria makini. Hakudai asichoweza kukithibitisha. Nampenda kwa hilo. Mgombea urais wa wakati ule angefaidika kujipachika kwenye jamaa wa Massachusetts waliotoa magavana, naye hakujipachika.

Kiungo kilichokosekana kilikuwa New Jersey, mahali ambapo ukoo ulikaa kwa muda mfupi kiasi cha kusahauliwa. Mordecai Lincoln, mzaliwa wa Hingham mwaka 1686, alihamia Kaunti ya Monmouth na nduguye Abraham. Akamwoa Hannah Salter, akanunua ardhi, kisha akaingia Pennsylvania katika biashara ya kuyeyusha chuma, kazi iliyokuwa mikononi mwa ukoo tangu baba yake, Mordecai mkubwa, mhunzi na mwenye kiwanda cha chuma huko Scituate. Nyumba ya mawe aliyoijenga Berks mwaka 1733 bado imesimama. Alipokufa mwaka 1736 alikuwa bado na ardhi New Jersey, na mwaka 1748 mwanawe John, huyu wa Virginia, aliuza ekari 300 za huko Machaponix. Muuzaji lazima aonyeshe amepataje anachokiuza; kwa hiyo hati ikamtaja John kuwa mwana wa Mordecai. Karatasi hiyo ndiyo iliyofunga kiungo. Samuel Shackford alichapisha mnyororo huo mwaka 1887, miaka 22 baada ya rais kuuawa. Mwaka 1909, miaka 100 tangu azaliwe, Marion Learned, na kando yake James Henry Lea na J. R. Hutchinson, walichapisha uchunguzi mpana zaidi, na mwaka 1923 Waldo Lincoln akatoa historia ya ukoo mzima.

Mfanano wa majina, basi, haukuwa wa bahati. Mordecai mkubwa alimwoa Sarah, binti wa Abraham Jones wa Hull, na ni kwa babu huyo wa upande wa mama ndiko jina Abraham lilikoingia kwa akina Lincoln. Walilibeba miaka zaidi ya 100, kutoka pwani ya Massachusetts hadi nyumba ya magogo ya Kentucky, na aliyezaliwa humo hakujua lilikotoka.

Mwanzo wa yote Marekani ni Samuel Lincoln, aliyebatizwa Agosti 1622 huko Hingham ya Norfolk, Uingereza. Aliwekwa mwanagenzi kwa mfumaji Francis Lawes wa Norwich, akavuka naye bahari mwaka 1637 akiwa kijana wa miaka 15, wakashuka Salem. Hutchinson, akipekua mashauri ya kale ya mahakama za London, aligundua jambo ambalo kwangu ndilo la kusikitisha kuliko yote katika nasaba hii. Edward, baba wa Samuel, alikuwa mwana wa kwanza wa Richard Lincoln wa Swanton Morley, na Richard, aliyeoa wake wanne, alimpita Edward katika wosia na kuipa ardhi familia ya mke wa mwisho. Watoto wa Edward wakawa wafumaji na wahamiaji. Miaka 166 kabla ya Thomas kuachwa mikono mitupu Long Run, baba wa Samuel alikuwa ameachwa hivyo hivyo Norfolk.

Thomas aliumizwa na ardhi hadi mwisho. Kwa miaka mingi alichorwa kama mvivu asiye na kitu, mpaka mchungaji Louis A. Warren alipopitia vitabu vya mahakama za Kentucky na kuchapisha alichokiona mwaka 1926. Thomas yule wa kwenye vitabu alilipa kodi, alikaa baraza la mahakama, alikuwa fundi seremala, na mwaka 1803, akiwa na miaka 25, alinunua ekari 238 za Mill Creek. Tatizo lilikuwa mipaka. Kentucky ilipimwa kwa mti wa mshira hapa na jiwe pale, kila mtu na mpimaji wake, na madai yakalaliana. Mashamba matatu mfululizo ya Thomas yalikuwa na kasoro za hati au mipaka. Desemba 1816 alivuka Ohio kwenda Indiana, ambako serikali ilipima ardhi kwa miraba kabla ya kuiuza. Mwanawe alisema baadaye kwamba walihama kwa sababu ya utumwa kwa kiasi, lakini hasa kwa sababu ya hati hizo.

Hata ndoa ya Thomas ilipotea katika karatasi. Wapinzani walieneza kwamba rais alizaliwa nje ya ndoa, kwani hati haikuonekana Kaunti ya Hardin alikozaliwa. Ilitafutwa pasipokuwepo. Katika miaka ya 1870 karani wa Springfield, Kaunti ya Washington, aliikuta kwenye masijala yake: dhamana ya ndoa ya Juni 10, 1806, na taarifa ya mchungaji Jesse Head kwamba siku mbili baadaye alimfungisha Thomas Lincoln ndoa na Nancy Hanks.

Na wapo watu wengine katika karatasi hizi za ukoo. Jacob, baba wa David, alibaki Linville Creek akamiliki watumwa. Isaac, ndugu mwingine wa Kapteni, alihamia Tennessee akawa na watumwa huko. Mtu anayewatafuta mababu zake miongoni mwa watu wale hawezi kuanzia kwenye majina yao. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika walio wengi kwa majina kamili. Kabla ya hapo inambidi apekue wosia na orodha za mirathi za bwana, mahali ambapo jina la mtu huandikwa karibu na ng'ombe, na bei mbele yake.

Kwa Rockingham, kazi hiyo ni ngumu zaidi. Juni 1864, jeshi la Muungano likipanda bonde la Shenandoah, vitabu vya mahakama ya kaunti vilipakiwa kwenye gari la farasi vipelekwe kufichwa milimani. Wanajeshi waliliwahi gari njiani wakalitia moto, na ni sehemu tu iliyookolewa na wenyeji waliofika kuuzima. Amiri jeshi mkuu wa wanajeshi hao alikuwa mjukuu wa Kapteni. Hati za zamani zaidi za Linville Creek zilinusurika kwa sababu Rockingham ilikuwa haijaundwa zilipoandikwa. Kabla ya 1778 eneo lile lilikuwa chini ya Kaunti ya Augusta, na vitabu vya Augusta vipo Staunton. Humo mna shamba la John, na mgawo aliowapa wanawe mwaka 1773. Vilivyoungua ni vya miaka iliyofuata, miaka ambayo akina Lincoln waliobaki bondeni walikuwa na watumwa.